Yasuke, hekalu la Himeji na kelele za mtandaoni: jinsi ya kupima ugomvi wa gemu kabla hujausambaza

Katika vibanda vya gemu vya Malindi, uwe Shela, Barani au Kisumu Ndogo, mashine iliyo mbele ya benchi mara nyingi ni PS4, na kinachochezwa kutwa ni mpira. Assassin's Creed Shadows, gemu ya Japani ya kale iliyozua ugomvi mtandaoni, haikutolewa kwa PS4 hata kidogo. Ilitoka tarehe 20 Machi 2025 kwa PS5, Xbox Series na kompyuta, kwa bei ya karibu dola 70 za Marekani, na kwenye kompyuta inadai nafasi ya GB 115. Piga hesabu ya bando la kupakua GB 115, kisha ujiulize ni wangapi mjini hapa wameushika mchezo huo kwa pedi. Ni wachache. Waliobaki wameujua kwa klipu za nusu dakika zilizokatwa na watu wa mbali, na bado ubishi wake umefika barazani na kwenye magrupu ya WhatsApp kana kwamba kila mtu ameumaliza.

Ugomvi huu unatuhusu. Mhusika mmoja wa mchezo, Yasuke, anayeonyeshwa kama samurai, yaani askari wa tabaka la juu la Japani, ni Mwafrika aliyefikishwa huko kwa njia ya bahari yetu hii, wakati Wareno walipokuwa wakipita hapa kwenda Goa, India. Kwa sababu hiyohiyo ni rahisi tukabebeshwa hasira zisizo zetu, za kuutetea au za kuuponda. Kwa maoni yangu, lalamiko juu ya gemu lina uzito linapotaja mahali hasa ndani ya mchezo, likamtaja aliyeguswa, na likasema nini kirekebishwe. Likikosa hayo matatu ni kelele, na kelele ikizidi huwazima hata wenye haki ya kulalamika.

Mchezo ulitangazwa kwa jina hilo Mei 2024. Umetengenezwa na studio ya Quebec, Kanada, ya Ubisoft, kampuni ya gemu ya Ufaransa, na unaeleza Japani ya mwishoni mwa karne ya 16. Una wahusika wawili wa kuchezwa: Naoe, binti wa jimbo la Iga aliyefunzwa kunyemelea, na Yasuke, pandikizi la mtu linalovunja milango kwa bega na kupanda kuta kwa taabu. Sauti ya Yasuke ni ya Tongayi Chirisa, mzaliwa wa Zimbabwe. Trela haikumaliza siku mbili kabla ya mabishano kuwaka. Wengine walisema Ubisoft imemwingiza mtu mweusi kwa shinikizo la siasa za Marekani. Elon Musk akaandika kwenye X kwamba sera za namna hiyo zinaua sanaa. Mchezo ulikuwa utoke Novemba 2024, ukasogezwa hadi Februari 2025, kisha Machi, na kila ulipoahirishwa kelele zilipata kuni mpya.

Tuanze na Yasuke mwenyewe, maana hapo ndipo uongo wa pande zote mbili ulipojaa.

Alessandro Valignano, mmisionari wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, alifika Japani mwaka 1579, na katika msafara wake alikuwemo mtu mweusi. Machi 1581, mjini Kyoto, watu walisongamana kumtazama hadi ikawa vurugu. Oda Nobunaga, aliyekuwa na nguvu kuliko bwana mwingine yeyote wa Japani wakati huo, akaagiza aletwe mbele yake. Hakuamini kuwa ile ni rangi ya ngozi. Akaamuru avuliwe nguo ya juu na asuguliwe. Habari hizi zimo katika barua za Wajesuiti. Kwa upande wa Wajapani kuna kumbukumbu za maisha ya Nobunaga zilizoandikwa na Ota Gyuichi, na kuna shajara ya Matsudaira Ietada. Shajara hiyo inataja jina Yasuke, na inampa kimo cha zaidi ya mita 1.8. Nakala moja ya kumbukumbu za Ota inaongeza kwamba alipewa posho, nyumba na upanga mfupi, na kwamba kuna nyakati alimbebea bwana wake silaha. Juni 1582 jemadari Akechi Mitsuhide alimwasi Nobunaga akamzingira katika hekalu la Honno-ji. Nobunaga akajiua. Yasuke akaenda kupigana upande wa mwanawe Nobunaga, akasalimisha upanga, na Akechi akaamuru asiuawe bali apelekwe kwa Wajesuiti. Habari zake zinakatikia hapo.

Je, alikuwa samurai? Mtu aliyepewa posho, nyumba na upanga na bwana wa vita alikuwa katika utumishi wake wa kijeshi, na wakati ule mipaka ya matabaka ilikuwa bado haijabanwa na sheria kama ilivyokuja kuwa chini ya ukoo wa Tokugawa, uliotawala Japani baadaye. Wapo wanahistoria wanaomwita samurai bila kusita, na wapo wanaosema karatasi zilizopo ni chache mno kwa jina hilo. Huo ni mjadala halali. Lakini anayekwambia Yasuke ni mtu wa kutungwa, anasema uongo. Anayekwambia aliongoza majeshi na kuteka ngome, naye anasema uongo. Utumishi wake kwa Nobunaga haukufikisha mwaka mmoja na nusu.

Nasi watu wa pwani tuna mtego wetu. Hapa Malindi ipo nguzo ya Vasco da Gama aliyefika mwaka 1498, lipo kanisa dogo la Wareno, na inajulikana kuwa Francis Xavier alipita hapa mwaka 1542 akielekea Goa. Ni rahisi kuunganisha na kuandika kwamba Yasuke alikuwa mtoto wa Malindi. Usiandike. Kitabu cha Mjesuiti François Solier cha mwaka 1627 kinamtaja kuwa mtu wa Msumbiji, na hata hicho kiliandikwa zaidi ya miaka arobaini baada ya tukio. Hakuna karatasi inayomuunganisha na mji wetu. Ukitia chumvi hapo, unampa mpinzani wako sababu ya kuyatupilia mbali hata yale ya kweli uliyoyasema.

Sasa twende kwenye malalamiko ya Wajapani, ambayo ni mengine kabisa na yalitiwa chungu kimoja na yale ya Yasuke.

La kwanza ni bendera. Katika michoro ya awali ya mchezo ilionekana bendera ya kikundi cha Sekigahara, watu wanaoigiza vita vya kale kwa bunduki za utambi. Ilitumiwa bila ruhusa. Ubisoft iliomba radhi Julai 2024 na kusema haitaisambaza tena, ingawa kitabu cha michoro kilichokwisha kupangwa kilibaki nayo. Aliyeguswa anajulikana na kosa linajulikana, na waliokosea walikiri.

La pili liliuma zaidi, na ndilo ambalo wengi wetu hatukulielewa. Kampuni ya PureArts ilitangaza sanamu ndogo ya Naoe na Yasuke wakiwa juu ya lango la hekalu lenye mguu mmoja. Mtazamaji wa mbali aliona pambo. Mjapani aliona lango la hekalu la Sanno la Nagasaki, lililobaki na mguu mmoja baada ya bomu la atomiki la tarehe 9 Agosti 1945. Kampuni iliomba radhi na kuiondoa sanamu sokoni.

La tatu ndilo lililofika bungeni. Ndani ya mchezo mna hekalu la Itatehyozu, hekalu la kweli lililoko Himeji, mkoa wa Hyogo. Katika nakala za mapema mchezaji aliweza kuingia na kuvunjavunja meza na vyombo vya ibada. Vyombo vya habari vya Japani viliripoti kwamba wenye hekalu hawakuombwa ruhusa. Mtu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa: fikiri mchezo unaokuweka ndani ya Msikiti wa Riyadha na kukuacha uvunje mihrabu, halafu mtu wa Paris akwambie ni mchezo tu.

Tarehe 19 Machi 2025, siku moja kabla ya mchezo kutoka, mbunge Hiroyuki Kada aliuliza juu ya jambo hili katika kamati ya Baraza la Madiwani, baraza la juu la bunge la Japani. Hofu yake ilikuwa watu kuiga kwa vitendo, wakati ambapo uharibifu wa watalii ulikuwa tayari unalalamikiwa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Shigeru Ishiba, alijibu kwamba hatua za kisheria ni jambo la kujadiliwa na wizara zinazohusika, na kwamba kuchafua hekalu ni kitendo kisichokubalika. Akatoa mfano wa askari wa Japani waliopelekwa Samawah, Iraq: kabla hawajaondoka walifundishwa desturi za Kiislamu ili wasije wakawavunjia watu heshima.

Nimelitaja jibu hilo kwa urefu kwa sababu angalia lilivyofika kwenye simu zetu. “Japani yapiga marufuku.” “Waziri Mkuu aushutumu mchezo wa Yasuke.” Hakupiga marufuku chochote. Yasuke hakuwa hoja ya swali lile. Hoja ilikuwa hekalu. Mchezo uliuzwa Japani kama ulivyopangwa, ukiwa na daraja la watu wazima, na baadhi ya picha za viungo kukatwa zikiwa zimeondolewa katika toleo la huko. Na siku ileile ulipotoka, Ubisoft ilitoa sasisho: meza na rafu za mahekalu hazivunjiki tena, na damu ikapunguzwa pale mtu asiye na silaha anaposhambuliwa. Wenye hekalu walikuwa na jambo linaloweza kurekebishwa, na lilirekebishwa. Waliotaka Yasuke asiwepo hawakuwa na la kurekebisha isipokuwa kumfuta mtu.

Sasa klipu, maana hizo ndizo zinazotuzungusha.

Klipu ya gemu hudanganya kwa njia chache zinazojirudia. Ya kawaida kuliko zote ni kukata mwanzo. Unaonyeshwa Yasuke anavunja vyombo vya ibada, huonyeshwi kwamba mchezo haukumtuma. Aliyeshika pedi ndiye aliyempeleka, akaelekeza kamera, akavunja, akarekodi. Hilo halifuti kosa la waliouruhusu uvunjaji, lakini “mchezo unaruhusu” na “mchezo unakulazimisha” ni mambo mawili tofauti. Njia ya pili ni toleo la zamani. Nakala za Shadows zilivuja wiki kadhaa kabla ya tarehe rasmi, na klipu za uvunjaji zilizosambaa kabla ya tarehe 20 Machi zilitoka kwenye nakala zisizo na sasisho. Mtu akiileta klipu hiyo leo kama ushahidi wa mchezo ulivyo, anakuuzia samaki wa juzi. Njia ya tatu ni faili za kuongezea: kwenye kompyuta mchezaji anaweza kubadilisha sura, nguo na hata maneno, kisha akarekodi. Na siku hizi kuna picha zilizotengenezwa na akili bandia, ambazo hutumika sana kwenye picha ya jalada la video hata kama ndani ya video hakuna kitu kama hicho.

Ukitaka kuipima, anza kwa kuzima sauti na kuitazama mara moja kimya. Utashangaa ni mara ngapi anayesimulia amesema jambo ambalo picha haionyeshi. Kisha punguza kasi hadi robo na uangalie pembe za skrini: mchezo unaochezwa kweli kwa kawaida huonyesha alama za afya, ramani ndogo au maelekezo ya vitufe. Zikikosekana kabisa, yawezekana ni trela, yawezekana mtu amezizima makusudi, au yawezekana si mchezo huo. Simamisha mahali penye kitu cha pekee, piga picha ya skrini, uitafute kwa Google Lens. Usichague uso wa Yasuke, kwa sababu utaletewa maelfu ya matangazo. Chagua jengo, mlango, maandishi ukutani, chochote ambacho hakiko kwenye kila bango. Linganisha tarehe ya video ya kwanza utakayoipata na tarehe ya mchezo kutoka. Mwisho tafuta YouTube video ndefu ya mtu anayecheza sehemu hiyohiyo bila maelezo, ruka hadi hapo, uone kilichotangulia na kilichofuata. Ubora wa 360 unatosha, bando halitaumia.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kuishia kwenye Google Lens. Anapata picha ileile kwenye kurasa ishirini, anasema imethibitika. Kurasa ishirini zilizonakili klipu moja ni shahidi mmoja. Waliosema lisemwalo lipo walisema kabla ya kitufe cha kuforwadi.

Kuna na takwimu. Wapinzani wa Shadows walishika idadi ya wachezaji kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, takriban 64,000 kwa wakati mmoja ilipofika kilele, wakasema mchezo umekufa. Hawakusema kwamba unauzwa pia PS5, Xbox na kwenye duka la Ubisoft lenyewe, ambako hesabu hiyo haifiki. Ubisoft nayo ikatangaza wachezaji milioni 3 ndani ya siku saba, na mashabiki wakaisoma kama nakala milioni 3 zilizouzwa. Wachezaji si nakala: anayelipia Ubisoft+ kwa mwezi akiufungua mchezo anahesabiwa, na watu wawili wa nyumba moja wenye akaunti mbili wanaweza kuwa wawili. Pande zote mbili zilichukua namba ya kweli zikaibebesha maana isiyokuwa nayo.

Maoni ya Steam yana faida zaidi ukijua kuyasoma, na huhitaji akaunti. Fungua ukurasa wa mchezo kwenye kivinjari cha simu, uteremke hadi kwenye maoni. Utakuta chati yenye nguzo za buluu na nyekundu. Nguzo nyekundu ikichomoza ghafla, ibonyeze, usome maoni ya siku zile tu. Halafu chuja kwa muda wa kucheza. Anayeandika kwenye Steam lazima awe na mchezo kwenye akaunti yake, lakini Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza saa 2, kwa hiyo mtu anaweza kununua, kuandika tusi, na kurudishiwa. Maoni yake hubaki. Ukichuja ukabakiza waliocheza zaidi ya saa moja au kumi, utaona kama wekundu unabaki au unayeyuka. Ukibaki, basi wachezaji wenyewe wana jambo, soma wanalosema. Jua pia vile viwango: asilimia 70 hadi 79 za maoni mazuri huitwa mazuri kwa sehemu kubwa, 80 hadi 94 mazuri sana, na 40 hadi 69 mchanganyiko. Mchezo wenye asilimia 69 na mwenzake wenye 70 wanatofautiana jina tu.

Tangu mwaka 2019 Steam inaweza kuweka alama kwamba kipindi fulani maoni yalihusu mambo yasiyo ya mchezo wenyewe, na kuyaondoa kwenye hesabu, ingawa bado unaweza kuyasoma. Na tangu Agosti 2025 kwa michezo yenye maoni mengi inakuonyesha alama za lugha yako kwanza. Kiswahili hakimo katika lugha za duka hilo, kwa hiyo ukilitumia kwa Kiingereza utaona hukumu ya wasomaji wa Kiingereza. Badilisha kichujio uone Kijapani kivyake. Ni njia ya haraka ya kujua kama Wajapani ndio wanaolalamika au ni watu wanaowasemea. Metacritic, tovuti inayokusanya alama za michezo, kwa upande wake haidai uthibitisho wowote kwamba umenunua. Tangu mwaka 2020 inamsubirisha mtumiaji saa 36 baada ya mchezo kutoka kabla ya kuandika, basi. Alama za watumiaji za huko mimi sizipi uzito kwa mchezo wowote wenye ugomvi.

Lakini msidhani kila mmiminiko wa maoni mabaya ni wa kuonewa. Avumaye baharini papa kumbe wengi wapo, na mwaka 2024 ilitokea hasira moja ya wachezaji iliyokuwa ya haki tupu. Gemu ya Helldivers 2 ya Sony ilikuwa imeuzwa kwenye Steam tangu Februari. Mwanzoni mwa Mei Sony ikatangaza kwamba kila mchezaji wa kompyuta lazima aunganishe akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. PSN haikuwepo katika nchi na maeneo 177, na Kenya haikuwemo katika orodha ya nchi zenye huduma hiyo. Mtu alikuwa amelipa, anacheza, kisha anaambiwa mlango utafungwa kwa sababu ya anakoishi. Mwishoni mwa wiki moja maoni mabaya yalizidi 200,000, na tarehe 6 Mei Sony ikarudi nyuma. Lalamiko lilitaja sharti lenyewe, nchi zilizoumia, na njia ya kurekebisha, ambayo ilikuwa kuliondoa sharti.

Wenye vibanda wanaijua shida hiyo vizuri. Ukifungua akaunti ya PSN ukiwa Malindi unalazimika kuchagua nchi nyingine, Afrika Kusini au Uingereza mara nyingi. Ukishachagua huwezi kubadilisha, na kadi ya malipo unayonunua lazima iwe ya nchi hiyohiyo; kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Wengi wamepoteza pesa hapo, na hilo ni lalamiko letu ambalo linastahili kelele kuliko rangi ya Yasuke.

Na tuna jingine, la zamani zaidi. Julai 2007 kampuni ya Kijapani ya Capcom ilionyesha trela ya gemu ya Resident Evil 5: mzungu mwenye bunduki anaingia katika mji wa Kiafrika na kuwafyatulia risasi watu weusi waliogeuka mazimwi. Malalamiko yakaanza, hasa Marekani, wachezaji wengi wakayapuuza kama unyeti wa kupita kiasi, na Capcom ikakana nia yoyote ya ubaguzi. Mchezo ukatoka Machi 2009, shujaa akiwa na mwenzake Mwafrika, Sheva Alomar. Eneo lake ni la kubuni, linaitwa Kijuju, na limewekwa Afrika Magharibi. Lakini wale maadui, wanaoitwa Majini, wanapopiga kelele wakikukimbilia na mapanga, wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Katika mabishano yote ya miaka ile juu ya rangi, suala la lugha halikupata nafasi yake. Hii ni lugha ya utenzi na ya soko, ya darsa za Lamu na ya bei ya nazi, ikatiwa vinywani mwa viumbe vya kuuawa na kuhamishiwa upande wa pili wa bara, kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja. Ukitaka kulisema hilo kwa uzito, usiandike kwamba Capcom inachukia Waafrika. Huwezi kuthibitisha kilichomo moyoni mwa kampuni. Andika kwamba katika sura ya kwanza, kwenye mitaa ya Kijuju, maadui wanatoa sauti za Kiswahili ilhali hadithi iko Afrika Magharibi. Na kwamba katika sura ya tatu, kwenye vinamasi, miaka miwili baada ya malalamiko ya kwanza, bado waliwekwa maadui wenye mikuki, vinyago na sketi za majani. Weka dakika na sekunde za video. Kisha useme unachotaka: kama mchezo huo utatengenezwa upya, eneo na lugha vilingane, na waajiriwe wazungumzaji wa lugha hiyo kuuangalia mswada. Hayo yanajibika. Yeyote atakayeyapinga atalazimika kupinga ushahidi.

Kelele zisizo na mpini zina gharama hata kama mchezo wenyewe umetoka salama. Oktoba 2025 jarida la Game File liliripoti, likiwanukuu wafanyakazi wa sasa na wa zamani wa Ubisoft, kwamba kampuni ilikuwa imesitisha mwaka 2024 mradi mwingine wa Assassin's Creed uliopangwa kuwa Marekani baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, mhusika wake akiwa mtu mweusi aliyetoka utumwani na anayekabiliana na kundi la Ku Klux Klan. Sababu zilizotajwa ni hali ya kisiasa ya Marekani na mapokeo aliyoyapata Yasuke. Hakuna hekalu lililookolewa kwa kusitishwa huko.

Ugomvi unaofuata unaweza kutufikia karibu zaidi. Mwaka 2025 studio ya Nyamakop ya Johannesburg ilitangaza Relooted, mchezo ambamo kikosi cha Waafrika kinachukua vitu vya Afrika kutoka makumbusho ya nchi za Magharibi na kuvirudisha kwao. Vitu vyenyewe ni vya kweli, na kimojawapo ni Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, majirani zetu hapo kati ya Malindi na Lamu. Atakayekwambia mchezo huo unafundisha wizi, mwambie hivi: ngoma hiyo ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni wa Uingereza mwaka 1902, iko British Museum, na wazee wa Kipokomo wamekuwa wakiidai. Atakayekwambia mchezo umewaonyesha Wapokomo vibaya, muulize ni katika hatua ipi, na kama yeye au Mpokomo yeyote ameiona kwa macho yake.